Je, Wajua? Ekzosi Mpya, Sega Lilelile

Je, wajua kwamba huenda unatembea na madini ghali kuliko dhahabu, na yamechomelewa chini ya gari lako? Kifaa kinachoyabeba, kile cha kusafisha moshi wa gari, mafundi wa Tanzania wanakiita sega, na jina limekaa mahali pake. Mwezi uliopita nilisimama gereji fundi akipasua kwa grinda sega lililokufa. Ganda la chuma lilikuwa limeungua likapata rangi ya kahawia na zambarau. Ndani hapakuwa na feni wala waya, ila tofali moja la kauri lenye rangi ya majivu, limejaa vitundu vya mraba vyembamba mno. Ukilielekeza juani unaona mwanga upande wa pili kama unayechungulia kwenye chekecheke. Vitundu vya namna hiyo huwa kama 400 katika inchi moja ya mraba. Upande mmoja wa lile tofali vilikuwa vimeyeyuka vikagandana kama sukari guru.

Kuta za vitundu hivyo zimepakwa utando mwembamba wa platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni gramu chache tu kwa gari zima. Lakini Machi 2021 aunsi moja ya rodiamu ilivuka dola 25,000 za Kimarekani, wakati aunsi ya dhahabu haikufika dola 2,000. Ndiyo maana wezi huingia uvunguni usiku na msumeno. Rodiamu nyingi ya dunia inachimbwa Afrika Kusini.

Je, wajua sega linafanya nini hasa? Linapokea sumu tatu kutoka kwenye injini. Ya kwanza ni kaboni monoksaidi, inayokalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Ya pili ni hidrokaboni, yaani petroli ambayo haikuungua ikaisha. Ya tatu ni oksaidi za naitrojeni, zinazowasha mapafu. Zikigusa yale madini katika joto kali, zinatoka upande wa pili zikiwa hewa ya ukaa, mvuke wa maji na naitrojeni ya kawaida. Madini yenyewe hayaliwi. Sega likitunzwa linaweza kufanya kazi hiyo kwa kilomita laki moja na zaidi.

Kwa hiyo kijana anayeingia gereji akasema, “Fundi, nataka gari ingurume,” na fundi akamjibu, “Tutoe sega, ipumue,” hapo ndipo mimi huwa naingilia mazungumzo ya watu. Mngurumo unaweza kuupata bila kuligusa sega, na gari likapita kwenye kipimo cha moshi kikali sana. Mfano wangu ni jimbo la California, Marekani, kwa sababu sheria nyingi za moshi wa magari duniani zilianzia huko.

Je, wajua kwamba watu wa Los Angeles waliwahi kudhani wameshambuliwa kwa gesi ya sumu? Ilikuwa Julai 1943, vita vikiwa vimepamba moto, na ukungu wa moshi ulishuka mjini hadi macho yakachuruzika machozi. Wengine walishuku Wajapani. Adui alikuwa barabarani kwao. Mji ule umekaa kwenye bonde lililozungukwa na milima, na mara nyingi hewa ya joto hukaa juu kama kifuniko, hivyo moshi unaoingia hautoki.

Aliyefumbua fumbo alikuwa Arie Haagen-Smit, mwanakemia Mholanzi wa chuo cha Caltech, ambaye awali alikuwa akichunguza harufu ya nanasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba hidrokaboni na oksaidi za naitrojeni zikipigwa na jua zinazaa ozoni. Ozoni ya angani juu ni ngao yetu. Ikikaa chini, kwenye pua ya mtoto anayetembea kwenda shule, ni sumu. Bodi ya hewa ya California, CARB, ilipoanza kazi mwaka 1968, mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa huyohuyo.

Je, wajua kwamba sega lilibuniwa miaka ishirini kabla ya kutumika? Eugène Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alipata hataza yake mwaka 1956. Tatizo lilikuwa risasi. Tangu Thomas Midgley alipogundua mwaka 1921 kwamba risasi inazuia injini kugongagonga, petroli ya dunia nzima ilitiwa sumu hiyo, na risasi hukandika juu ya platinamu kama chokaa juu ya ukuta. Sega la Houdry lingekufa baada ya matangi machache. Lilipata nafasi magari ya mwaka 1975 yalipoingia sokoni Marekani, pamoja na petroli isiyo na risasi.

Afrika tulingoja zaidi. Azimio la Dakar la Juni 2001 ndilo lililopanga safari, na kufikia Januari 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana na petroli ya risasi. Nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, iliyomaliza Julai 2021. Kwa hiyo magari ya mtumba yaliyofika Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani miaka ya 1990 yalikuja na masega mazima, kisha yakayanywesha sumu kituo cha kwanza cha mafuta. Mazoea ya kulitoa sega nadhani yalipata nguvu wakati huo, kwa sababu sega lililoziba kweli linaikaba injini. Sababu ile imeisha. Mazoea yamebaki.

Je, wajua mpaka wa sheria ya California uko wapi kwenye bomba lako? Uko kwenye sega, na ukiujua mpaka huo umejua karibu kila kitu. Sega na vyote vilivyo mbele yake, yaani manifodi, sensa na bomba linaloshuka kutoka kwenye tabo, ni vifaa vya kudhibiti moshi. Ukitaka kubadilisha kimojawapo kwa kitu cha dukani ambacho si cha kiwandani, lazima kiwe na kibali cha CARB kiitwacho EO, chenye namba inayoanza na herufi D. Namba hiyo hugongwa kwenye chuma au hubandikwa kwenye chumba cha injini, na ni lazima ilingane na gari lako: modeli, mwaka na injini. Kibali cha gari la jirani hakikusaidii.

Vilivyo nyuma ya sega, yaani bomba la kati, rezoneta, sailensa na mdomo wa bomba, unabadilisha bila kibali hicho. Havigusi kemia ya moshi. Ukomo wake ni kelele.

Ndipo mafundi waaminifu wa kule wanapofanyia kazi yao yote: kuanzia flenji ya nyuma ya sega hadi bampa. Bomba la upana mzuri, sailensa iliyo wazi kidogo, mdomo unaopendeza, basi.

Na sega jipya likihitajika? Huko California ni marufuku kufunga sega lililotumika, hata liwe linang'aa. Jipya la dukani lazima liwe na EO ya gari hilohilo. Yale yanayouzwa kama “sega la mbio”, yenye vitundu 200 au 100 kwa inchi ya mraba badala ya 400, hupitisha hewa kwa wepesi zaidi, lakini sehemu ya kugusana na moshi imepungua. Bila kibali, mkaguzi analikataa kwa macho tu, kabla hajachomeka hata waya.

Je, wajua mkaguzi wa Smog Check huangalia nini? Mpango huo wa California wa kukagua moshi ulianza mwaka 1984, na magari mengi hukaguliwa kila baada ya miaka miwili. Gari la petroli la mwaka 2000 au baadaye halichomekwi kipimo kwenye bomba la moshi siku hizi. Mkaguzi anachomeka waya kwenye soketi iliyo chini ya usukani, anaihoji kompyuta ya gari, kisha anainama na tochi kuhakikisha kila kifaa kipo mahali pake. Gari la mwaka 1976 hadi 1999, katika miji yenye hewa mbaya, hupandishwa juu ya rola na kuendeshwa likiwa limesimama, kwa kilomita 24 na kisha 40 kwa saa, na moshi wake unapimwa mdomoni. Gari la petroli la mwaka 1975 na kurudi nyuma limesamehewa kabisa.

Soketi ile ni lazima kwa magari madogo mapya yaliyouzwa Marekani tangu modeli za mwaka 1996. Magari mengi ya Kijapani tunayoendesha huku yana soketi ya umbo hilohilo. Ndiyo hiyo fundi umeme anayochomeka “mashine” anapokuambia anapima gari.

Je, wajua sensa mbili za oksijeni zinaongea nini? Moja imekaa mbele ya sega, ya pili nyuma yake. Ile ya mbele, kwa muundo wa kawaida, hupandisha na kushusha umeme kati ya karibu sifuri na karibu volti moja, mara nyingi kwa dakika, kwa sababu kompyuta inaongeza na kupunguza petroli ili uwiano ubaki kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kwenye uwiano huo ndipo sega linapoziweza sumu zote tatu kwa pamoja. Volvo ndiyo iliyouza California gari la kwanza lenye sensa hiyo, mwaka 1976.

Sensa ya nyuma inapaswa kutulia. Sega zima huhifadhi oksijeni kidogo na kuitoa polepole, kama mtungi unavyotuliza maji yanayoingia kwa vishindo, hivyo mistari ya sensa ya nyuma inakuwa tulivu. Ukiona ya nyuma inarukaruka sawa na ya mbele, sega limekufa au halipo. Kompyuta inaandika kosa P0420, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, na gari limeanguka kwenye ukaguzi.

Mtaani watakuuzia kijibomba cha kuisogeza sensa ya nyuma mbali na moshi ili idanganyike. Mkaguzi anakijua, kinachomoza kama kidole cha sita. Watakuuzia pia programu ya kuifundisha kompyuta isiiulize sensa ya nyuma kitu. Tangu Julai 2021, kituo cha Smog Check kinasoma alama za programu iliyo ndani ya kompyuta, na programu isiyo ya kiwandani na isiyo na EO inaliangusha gari papo hapo.

Na wale wanaofuta makosa kwenye mashine asubuhi ya ukaguzi? Je, wajua kwamba kompyuta inakumbuka kwamba imefutwa? Ukifuta, majaribio yote ya ndani yanarudi kuwa “bado”, na gari la petroli la mwaka 2000 au baadaye linaruhusiwa kubakiwa na jaribio moja tu lisilokamilika, lile la mvuke wa tangi la mafuta. Zaidi ya hapo, magari ya kuanzia 2010 yana kumbukumbu ya kudumu ambayo mashine ya fundi haiwezi kuifuta. Inajifuta yenyewe gari likishathibitisha kwamba tatizo limekwisha. California ilianza kuikagua Julai 2019, na inaipuuza tu ikiwa gari limeshapashwa moto mara 15 na kutembea maili 200, yaani kama kilomita 320, tangu makosa yafutwe.

Sasa nikae kidogo kwenye jambo linaloangusha magari mengi ya watu wasio na hila yoyote: tundu dogo.

Mwenye gari amefungiwa ekzosi mpya nzuri. Kiungo kimoja mbele ya sensa hakikukaza, au gasketi ya zamani imerudishwa kwa kubana matumizi, au mshono wa kuchomelea una kitobo cha ncha ya sindano. Anadhani moshi ndio unaovuja nje. Moshi wa injini hautoki kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo shinikizo hushuka hadi bomba linavuta hewa ya nje kuingia ndani. Sensa inaonja hewa hiyo, inadhani injini ina njaa, inaiambia kompyuta iongeze petroli. Petroli ya ziada inakwenda kuungulia kwenye sega. Sega linapata joto lisilostahili, gari linakunywa mafuta, na kila kipimo kinaharibika kwa sababu ya gasketi moja.

Uingereza wana kipimo kizuri cha kulikamata tundu kama hilo. Kwenye ukaguzi wao wa MOT, gari la petroli lenye sega hukanyagwa mafuta hadi mizunguko kati ya 2,500 na 3,000 kwa dakika, na kwa magari yasiyo na namba maalumu za mtengenezaji, kaboni monoksaidi isizidi asilimia 0.2, hidrokaboni zisizidi sehemu 200 katika milioni, na lambda iwe kati ya 0.97 na 1.03. Lambda ni kipimo cha uwiano wa hewa na petroli. Ikipanda juu ya 1.03 ilhali injini ni nzima, mkaguzi mzoefu anatafuta tundu.

Namna ya kulitafuta wewe mwenyewe: gari likiwa limepoa, waombe watu wawili, mmoja awashe injini, mwingine azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Wewe sikiliza. Penye tundu patapiga “ts-ts-ts” kama mtu anayefukuza kuku. Fanyeni mahali pa wazi, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa. Kaboni monoksaidi haina harufu, na imeshaua watu wenye akili timamu.

Je, wajua kwamba “injini inahitaji kubanwa nyuma ili iwe na nguvu” si kweli? Utalisikia kwa kila fundi wa pili. Injini haihitaji kubanwa. Inachohitaji ni mwendo kasi wa moshi ndani ya bomba, kwa sababu pigo linalokimbia huacha mvuto nyuma yake unaosaidia kunyonya mabaki ya silinda. Bomba jembamba linabana, bomba pana mno linauchosha moshi, unapoteza nguvu gari linapoanza kuondoka. Ndiyo maana kijana aliyefunga bomba la inchi tatu kwenye injini ya sisi 1,300 hulalamika kwamba gari limekuwa zito mlimani.

Angalia pia kona. Bomba likikunjwa kwa mashine ya kubana, linapondeka kwenye kona na upana wake unapungua. Likikunjwa likiwa na kiini ndani, upana unabaki uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Pitisha kiganja kwenye kona: ukigusa mikunjo kama ya ngozi ya goti, limebanwa.

Je, wajua kelele ina hesabu? California inaruhusu gari dogo, la chini ya kilo 2,700 hivi, kufika desibeli 95, zikipimwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Kila kumi zikiongezeka, sikio linasikia karibu maradufu. Kwa hiyo gari la desibeli 105 halijazidi “kidogo”. Ni marufuku pia kuweka kilango cha kuukwepesha moshi usipite kwenye sailensa. Na mwaka 2003 jimbo lilipiga marufuku kwa jina lake kile kibati kilichochomelewa mdomoni mwa bomba ili gari lipige mluzi. Vijana wa Oakland walikuwa wamekipenda sana, na majirani zao walikuwa hawalali.

Kibaya kuliko ukali wa sauti ni ule uvumi wa safarini, “vuuuu” inayojaa ndani ya gari ukiwa kwenye mwendo mmoja na kukuachia kichwa kinachouma. Una dawa ya kifizikia, nzuri sana. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inatoa mapigo 100 kwa sekunde. Ndani ya bomba lenye moto wa nyuzi 350 hivi, sauti husafiri kama mita 500 kwa sekunde. Gawanya 500 kwa 100, upate urefu wa wimbi mita tano. Chukua robo yake, mita moja na robo. Chomelea pembeni ya bomba lako tawi la urefu huo, limezibwa mwisho. Sauti inaingia, inagonga mwisho, inarudi ikiwa imepinduka, inakutana na mwenzake na zote mbili zinakufa. Moshi haupiti humo, hakuna kinachobanwa, mkaguzi hana neno kwa sababu kazi yote iko nyuma ya sega. Nimelisikia gari kabla na baada. Niliweza kuongea na dereva bila kupaza sauti, na mngurumo wa kuondokea ulikuwa bado upo.

Sailensa yenyewe ni ya zamani: ndugu wawili wa Indiana, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza yake mwaka 1897.

Je, wajua kwamba lita moja ya petroli ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji? Haidrojeni iliyomo ndani ya petroli inaungana na oksijeni ya hewani. Safari ikiwa ndefu maji yanatoka kama mvuke. Safari ikiwa ya kwenda sokoni na kurudi, yanatulia ndani ya sailensa na kuila kutoka ndani. Kitobo kidogo unachokiona chini ya sailensa ya kiwandani kimewekwa makusudi yatoke. Usimruhusu mtu akizibe. Kwa wakazi wa Tanga, Lamu au Unguja, ambako chumvi inaila pia kutoka nje, ukibadilisha bomba uliza chuma cha pua cha daraja la 304. Sumaku hainasi kwenye hicho, au inanasa kwa shida sana. Ikinasa kwa nguvu umeuziwa kingine.

Je, wajua injini inayomisi inaweza kuliua sega katika safari moja? Plagi isipowaka, petroli mbichi inafika kwenye sega na kuungulia humo, na joto linaweza kupanda hadi kauri ikayeyuka. Ndicho kilichotokea kwa lile tofali nililoliona gereji. Taa ya injini ikiwaka na kutulia, una muda wa kufika kwa fundi. Ikiwa inapepesa, toa mguu kwenye mafuta na usimame.

Dizeli nayo ina kichujio cha masizi. Uingereza ilianza Februari 2014 kuliangusha gari lolote ambalo kichujio chake cha kiwandani hakipo, na tangu Mei 2018 gari lenye kichujio likitoa moshi unaoonekana, wa rangi yoyote, linaanguka. Marekani, shirika la mazingira la EPA lilieleza mwaka 2020 kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimenyofolewa vifaa vya moshi katika muda wa miaka kama kumi, na madhara yake ni sawa na kuongeza pikapu milioni tisa barabarani. Namba hiyo inaniuma. Kila mwenye pikapu alidhani anagusa gari lake tu.

Hata wakubwa wamenaswa. Volkswagen iliweka kwenye magari yapatayo milioni 11 programu iliyotambua kwamba gari liko kwenye kipimo, ikasafisha moshi kwa muda huo tu. Barabarani, baadhi yalitoa oksaidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango. Waliowafungulia njia wachunguzi walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga vipimo nyuma ya magari na kuyaendesha barabarani kama mtu wa kawaida. EPA ilitangaza Septemba 2015.

Je, wajua gari lako la mtumba limeshapita mitihani ya namna hii kabla hujaliona? Japani wana ukaguzi uitwao shaken, wa kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila miwili. Hupimwa moshi, kelele, na hata bomba lisining'inie chini ya sentimita tisa kutoka ardhini. Kwa hiyo gari lililoshuka Mombasa au Dar likiwa na ekzosi ya mtengenezaji mwingine, yenye sauti nzito ya kupendeza, huenda lilipita huko kihalali kabisa likiwa na sega lake. Chungulia uvunguni kabla fundi hajalianza.

Na vipimo vinakuja karibu. Rwanda ilizindua mwaka 2025 utaratibu wa kupima moshi wa magari na pikipiki. Aliyetupa sega miaka mitano iliyopita atalinunua tena, kwa bei ya leo.

La mwisho, la siku yenyewe ya ukaguzi. Je, wajua kwamba sega baridi ni jiwe tu? Halianzi kazi mpaka lifike nyuzi 250 hadi 300, na sehemu kubwa ya sumu ya safari ya gari la kisasa hutoka dakika ile ya kwanza au ya pili baada ya kuwasha. Kwa hiyo usilipeleke gari kipimoni kutoka nyumbani kwa mwendo wa kilomita moja. Liendeshe dakika ishirini au zaidi, barabara kuu, gia ikiwa imetulia. Ukifika ukakuta foleni, acha injini iendelee kunguruma taratibu, na zamu yako ikifika mkabidhi mkaguzi funguo sega likiwa bado linachemka.